Kupima nguvu ya mkono kwa watu wazima na wazee: kiti, dinamometa na daftari

Mtu mzima akikamata kifaa kidogo kiitwacho dinamometa na kukifinya kwa nguvu zake zote, inatoka namba moja ya kilo. Namba hiyo haisemi habari za vidole tu. Inafuatana na nguvu za misuli ya mwili mzima, inashuka lishe inapokuwa mbovu, na inasaidia kujua mapema nani atachelewa kupona baada ya upasuaji au ugonjwa mrefu. Utafiti uitwao PURE, uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet, ulifuatilia watu karibu 140,000 katika nchi 17, Afrika Kusini na Zimbabwe zikiwemo, kwa miaka kama 4. Kila mshiko, yaani nguvu hiyo ya kufinya, ulipokuwa chini kwa kilo 5, hatari ya kufa kwa sababu yoyote ilikuwa juu kwa asilimia 16. Mshiko ulitangulia hata tansio (shinikizo la damu) ya juu katika kuonyesha nani yuko hatarini.

Kwa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, hii ni habari njema, kwa sababu kipimo chenyewe hakihitaji maabara, umeme wala sindano. Kinahitaji kiti, kifaa, daftari na mtu mwenye uvumilivu. Uvumilivu ndio unaokosekana mara nyingi. Mzee yule yule, asubuhi ile ile, atatoa namba mbili tofauti kabisa akipimwa akiwa ameketi vizuri na akipimwa akiwa amelala kitandani mkono ukielea hewani. Anayepima leo hivi na kesho vile hapimi nguvu, anapima mikao.

Kifaa

Dinamometa iliyotumika katika tafiti nyingi ni ile ya mafuta, aina ya Jamar. Ina saa ya duara yenye mishale miwili: mmoja unapanda na kushuka, wa pili unabaki pale nguvu ilipofika juu kabisa mpaka uurudishe kwa kidole. Mpini wake unawekwa katika nafasi 5, kuanzia upana wa kama sm 3.5 mpaka kama sm 8.7. Nafasi ya 2 ndiyo ya kawaida kwa karibu watu wazima wote. Saa ina safu mbili, kilo na pauni, na hapo watu wanapotea: anayesoma 60 kwenye safu ya pauni ana kilo 27 tu.

Za elektroniki zenye kioo na betri ni nyepesi na za bei nafuu zaidi, nazo zinafaa kabisa kwa kumfuatilia mtu mmoja miezi na miezi. Nyingi zina gurudumu la kusogeza mpini. Usogeze mpini mpaka kiungo cha kati cha kidole cha shahada kikunjike kama pembe ya mraba mtu anapokamata. Zile za springi tupu, zinazouzwa kama vifaa vya mazoezi, haziaminiki sana, maana springi inachoka. Ipo pia aina ya mpira wa hewa, laini kwa mtu mwenye maumivu ya viungo, lakini inasoma shinikizo, na shinikizo haligeuzwi kuwa kilo.

Uwe na aina yoyote, baki na kifaa kimoja kwa mtu mmoja. Vifaa viwili vizuri vinaweza kupishana kwa kilo kadhaa, na tofauti hiyo ukiiandika kama ugonjwa umemtia mtu wasiwasi bure.

Uhakiki unafanywa mara moja kwa mwaka, au kila kifaa kinapoanguka. Jaza maji kwenye bidoni (dumu) ya njano, lakini usiamini kwamba bidoni ya lita 20 ni kilo 20: ikijaa mpaka mdomoni inabeba zaidi ya lita 20, na plastiki nayo ina uzito wake. Ipime kwanza kwenye mizani unayoiamini, andika. Funga upande usiosogea wa dinamometa kwenye boriti imara kwa mkanda. Pitisha mkanda mwingine mpana katikati kabisa ya mpini unaofinywa, kisha ning'iniza bidoni taratibu, bila kuiachia ghafla, na miguu yako iwe mbali. Mkanda ukienda pembeni ya mpini, usomaji utabadilika. Namba ikiachana na mizani kwa zaidi ya kilo 2, kifaa kirudi kwa fundi. Kwenye dinamometa ya mafuta, mshale usiorudi sifuri au unyevu wa mafuta kwenye kiungio ni dalili kwamba mafuta yanavuja, na kifaa kinachovuja kinasoma chini ya nguvu halisi.

Nani asubiri kwanza

Usipime mkono uliovunjika au kupasuliwa hivi karibuni, wala kiungo kilichovimba na chenye moto. Aliyepata mshtuko wa moyo majuzi, aliyepasuliwa jicho au tumbo, na mwenye tansio iliyofika 180 na zaidi, asubiri ruhusa ya daktari. Kufinya kwa nguvu huku umeziba pumzi kunapandisha tansio ghafla. Kwa sababu hiyo hiyo kila anayepimwa anaambiwa atoe pumzi wakati wa kufinya. Aliyepooza upande mmoja anapimwa upande wa pili, na inaandikwa hivyo.

Wakati wa kupima nao una maana. Asubuhi za Goma zina baridi, hasa mvua ikiwa imenyesha usiku, na mkono wa baridi hautoi nguvu zake. Mtu aliyefika sasa hivi kutoka kuchota maji au kusukuma chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) naye amechoka vidole. Mwache aketi dakika 10, asugue viganja, avue pete na saa.

Kuketi

Hapa ndipo usiharakishe. Tafuta kiti kigumu chenye mgongo, si kochi la sebuleni linalomeza mtu, wala benchi. Nyayo zote mbili zikae chini. Kama mama ni mfupi na miguu inaning'inia, weka tofali au ubao chini ya miguu. Mgongo uguse kiti.

Bega lishuke, lisiinuliwe, na mkono wa juu ukae karibu na mbavu bila kubanwa nazo. Kiwiko kikunjwe pembe ya mraba. Kigasha kielekee mbele, kidole gumba kikiwa juu, kama mtu anayetaka kusalimia. Kifundo cha mkono kinyooke au kiinuke kidogo kwa nyuma, kisizidi nyuzi 30. Kikikunjwa kuelekea kiganjani, mishipa ya vidole inalegea na nguvu inapotea papo hapo. Jaribu mwenyewe: kunja kifundo ndani kabisa, halafu ujaribu kufinya kalamu.

Kuna utaratibu mwingine unaotumika sana, wa kulaza kigasha kwenye mkono wa kiti na kifundo kikitokeza mbele. Wote wawili ni sahihi. Chagua mmoja, uandike, usirudi nyuma.

Dinamometa ya mafuta ina uzito unaozidi nusu kilo, kwa hiyo mpimaji aiwekee kiganja chake chini ya saa ili kubeba uzito, bila kusukuma wala kuvuta. Mzee asitumie nguvu zake kuinua kifaa kabla hajaanza kukifinya. Kwenye Jamar funga kamba ya usalama kwenye kifundo cha mkono, maana ikianguka kwenye sima (sakafu ya saruji) au kwenye mawe ya volkano inaweza kuharibika.

Kufinya

Mwonyeshe kwanza kwa mkono wako. Mwambie jambo moja ambalo wapimaji wengi wanasahau: mpini wa kifaa cha mafuta hausogei kiasi cha kuhisiwa. Asiyejua hilo anafinya, anaona hakuna kinachotendeka, anaacha nusu ya nguvu. Mpe jaribio moja dogo la kuzoea, lisiloandikwa.

Kisha maneno yawe yale yale kila mara, kwa sauti ile ile: “Mama, uko tayari? Vuta pumzi. Toa pumzi na ufinye! Finya, finya, finya sana, usiache… Achia.” Kwa papa (baba) vilevile. Inatosha sekunde 3 mpaka 5. Sauti ya kutia moyo inaongeza kilo kweli, kwa hiyo ukimshangilia papa huyu na kumnong'oneza mama yule, umewapa mitihani miwili tofauti. Usimwonyeshe saa wakati anafinya. Majirani na wajukuu waliojazana mlangoni kumshabikia koko (babu au bibi), waombe wasubiri nje.

Anza mkono wa kulia, soma, andika, rudisha mshale kwenye sifuri. Hamia kushoto. Rudi kulia. Fanya hivyo mpaka kila mkono umefinya mara 3. Kati ya kufinya na kufinya kwa mkono ule ule iwepo kama dakika 1. Kuhama mkono kwa mkono kunakupa mapumziko hayo bila kupoteza muda. Saa ya mshale isomwe macho yakiwa usawa wake, kwa kukaribia kilo 1 nzima.

Andika zote 6. Namba ya kuhukumia ni ile kubwa kuliko zote, uwe mkono wowote. Wapo wanaotumia wastani wa mara 3. Si kosa, lakini mipaka tunayoitaja hapa chini inakwenda na namba ya juu.

Yanayoharibu kipimo

Kiwiko kinanyooka taratibu mtu anapojikaza, au mwili wote unainamia upande ili kusaidia. Hiyo simamisha, irudiwe. Mpini mpana mno ni kosa la pili, na linawaumiza zaidi wanawake wenye viganja vidogo: vidole vinakamata kwa ncha, na namba inashuka bila ugonjwa wowote. Kama nafasi ya 2 haimfai, tumia ya 1, uandike “nafasi 1”, na ubaki hapo hapo siku zote.

Namba ya tatu ikiwa juu kuliko ya kwanza kwa mbali, mtu alikuwa bado hajaelewa. Ongeza jaribio la nne. Zikishuka moja baada ya nyingine, kwa mfano 24, 21, 18, mapumziko yalikuwa mafupi, au misuli yenyewe inachoka upesi. Rudia siku nyingine kwa mapumziko ya dakika 2. Ikishuka tena vilevile, daktari aambiwe, hasa kama kope nazo zinaanguka jioni au chakula kinamkwama.

Maumivu ndiyo yanayodanganya kuliko yote. Mama mwenye viungo vya vidole vilivyovimba kwa miaka ya kulima na kufua anaweza kutoa kilo 10 huku mapaja yake yana nguvu za kupanda mlima. Muulize kila baada ya kufinya: “Kuna panapouma?” Akisema ndiyo, namba yake haihukumu misuli ya mwili. Mwangalie kwa miguu, kama tutakavyoeleza.

Kusoma namba

Mwaka 2019 kundi la wataalamu wa Ulaya wanaoshughulikia sarkopenia, yaani kupungua kwa nguvu na wingi wa misuli, walisahihisha mipaka yao: mshiko ni dhaifu ukiwa chini ya kilo 27 kwa mwanaume na chini ya kilo 16 kwa mwanamke. Wenzao wa Asia wanatumia 28 na 18. Mipaka ya Ulaya ilitokana na vipimo vya tafiti 12 za Uingereza, ambako mwanaume wa katikati alifikia kilele cha kama kilo 51 katika umri wa miaka 30 hadi 39, na mwanamke kama kilo 31. Kuanzia hapo namba inashuka pole pole, halafu haraka zaidi uzeeni.

Sasa, mtu wa Goma asijipime kwa kipimo cha mtu wa London kana kwamba ni sheria. Vipimo vilivyokusanywa katika nchi zinazoendelea viko chini ya vile vya Uingereza kwa wazi, kwa watu wa umri mmoja. Kimo, ukubwa wa kiganja na lishe ya utotoni vina mkono ndani yake. Mama mfupi mwenye miaka 75, mwenye kilo 15, anayekwenda sokoni mwenyewe na hajaanguka, si mgonjwa kwa sababu ya kilo 1. Lakini papa wa miaka 55 mwenye kilo 25 asipewe pole na kurudishwa nyumbani. Huyo achunguzwe.

Kwa maoni yetu, namba yenye thamani kubwa zaidi ni ya mtu mwenyewe mwaka jana. Kilo 1 au 2 juu au chini ni mtikisiko wa kawaida wa kipimo. Kilo 5 mpaka 6 ni badiliko la kweli, na likiwa la kushuka ndani ya miezi michache, lina sababu yake.

Mikono miwili haiwi sawa. Kwa wanaotumia kulia, kulia kunazidi kwa kama asilimia 10. Kwa wanaotumia kushoto tofauti mara nyingi ni ndogo. Tofauti kubwa kuliko hiyo inaelekeza kwenye mkono wenyewe, neva yake, shingo au ubongo, si kwenye afya ya jumla.

Miguu isiachwe

Kazi za mjini hapa zinaweza kuficha ukweli. Msukuma chukudu anakamata usukani wa mbao siku nzima, vidole vyake vinabaki na nguvu hata mapaja yakianza kuisha. Mama anayebeba mzigo mgongoni kwa kamba ya kwenye paji la uso anatumia miguu na shingo, vidole vyake havishiki kitu. Kwa hiyo baada ya mkono, pima kiti.

Kiti cha kawaida, chenye kimo cha kama sm 45, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Mikono ikunjwe kifuani. Ukisema “anza”, mtu anasimama wima kabisa na kuketi, mara 5, upesi awezavyo, na saa ya simu inasimama anapomaliza kusimama mara ya tano. Zaidi ya sekunde 15 ni dalili ya udhaifu. Asiyeweza kusimama hata mara moja bila kutumia mikono, usimlazimishe. Hilo lenyewe ni jibu, liandike. Mtu mmoja asimame pembeni yake muda wote.

Mwendo nao unapimika kwa mita 4. Tatizo la Goma ni ardhi: barabara za mawe ya volkano zinapunguza mwendo wa kila mtu, mzima na mgonjwa. Tafuta sima iliyonyooka, baraza la shule au ukumbi wa kanisa. Weka alama mbili kwa chaki, aanze kutembea mita 1 kabla ya alama ya kwanza, apite ya pili bila kusimama, kwa mwendo wake wa kawaida. Sekunde 5 au zaidi kati ya alama na alama ni sawa na mita 0.8 kwa sekunde au chini yake, na hapo ni polepole mno.

Mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba anaweza kuanza hata kabla ya kifaa kwa maswali 5 yanayojulikana kama SARC-F: kubeba kitu cha kilo 4.5 (bidoni ya lita 5 isiyojaa kabisa), kuvuka chumba, kuinuka kwenye kiti au kitandani, kupanda ngazi 10, na kuanguka mwaka uliopita. Manne ya kwanza yanapewa 0 kama hakuna shida, 1 kama ipo kidogo, 2 kama ni kubwa au haiwezekani. Kuanguka: 0 kama hakuanguka, 1 kama ni mara 1 mpaka 3, 2 kama ni 4 au zaidi. Jumla ikifika 4, mtu huyo apimwe mkono na kiti.

Kama dinamometa haipo

Mashine ya tansio ya kupampu kwa mkono, ile yenye saa ya mshale, inasaidia. Za betri hazifai, maana zinajaza na kutoa hewa zenyewe. Kunja kitambaa chake kwenye sehemu yenye mfuko wa hewa mara 3 mpaka kiwe bunda la kujaa kiganjani, kifunge kwa mipira miwili ya kufungia ili kisifunguke. Pampu mpaka 100 ili mikunjo ijinyooshe, kisha shusha mpaka 20 na ufunge vali. Mtu aketi kama tulivyosema, afinye kitambaa, na wewe usome mahali pa juu mshale ulipofika. Kila kabla ya jaribio hakikisha mshale umerudi 20. Kama umeshuka, hewa inavuja na kipimo si halali.

Namba hizi ni za milimita za zebaki. Haziingii kwenye mipaka ya 27 na 16, na asikudanganye mtu na hesabu ya kuzigeuza. Zinafaa kwa kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, kwa kitambaa kile kile kilichokunjwa vile vile. Saa nyingi zinaishia 300, kwa hiyo kijana mwenye nguvu ataipita na kuiharibu. Tumia kwa wazee na wagonjwa. Na mashine hiyo itengwe kwa kazi hii. Ikirudishwa kupima tansio za watu bila kuhakikiwa, inaweza kudanganya.

Namba ikiwa chini

Kwanza yale yasiyosubiri. Mkono ulioishiwa nguvu ghafla, ukifuatana na uso kupinda au maneno kuvurugika, ni kiharusi mpaka ithibitishwe vingine: hospitali mara moja, na saa ilipoanza iandikwe.

Udhaifu wa taratibu wa mkono mmoja, wenye ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayomwamsha mtu usiku, unaelekea kwenye neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ganzi ya kidole kidogo inaelekea kwenye kiwiko. Hao waende kwa daktari au kwa kine (mtaalamu wa tiba ya viungo), na kufinya mpira wa mazoezi kunaweza kuwazidishia.

Udhaifu wa mikono yote miwili ndio unaohitaji kichwa kitulie. Muulize mtu uzito wake: nguo zimelegea? Anakula mara ngapi? Ana kikohozi kilichopita wiki 2, jasho la usiku? Kituo cha afya kinaweza kuangalia damu pungufu, sukari, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na figo. Nguvu ya mkono inashuka mapema sana katika utapiamlo, hata kabla misuli haijaonekana kupungua, na inarudi mapema chakula kinaporudi.

Mtu mwenye miaka 65 na zaidi anahitaji protini ya kama gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 mpaka 72. Fufu la muhogo na sombe (majani ya muhogo) kidogo havifiki huko; muhogo karibu hauna protini. Hesabu inayowezekana ni hii: gramu 150 za sambaza (samaki wadogo) wabichi zinatoa kama 27, kikombe cha maharagi yaliyopikwa 15, kiganja cha karanga 7, yai 6, na unga wa mahindi gramu 100 unaongeza 8. Jumla 63. Sambaza wa ziwa Kivu ndio chakula tunachokisisitiza zaidi kwa wazee, maana wanaliwa na mifupa yao, wanatafunika wakipondwa, na pale soko la Kituku wananunuliwa kwa kipimo kidogo. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo asiongeze protini bila daktari.

Mazoezi yawe mara 2 au 3 kwa wiki, na yaanzie miguuni. Kuinuka kwenye kiti na kushuka kwa kuhesabu mpaka 3, mara 8, mizunguko 2. Anayeshindwa aanze na kiti kilichoinuliwa kwa mto mgumu. Kisha kubeba: bidoni mbili za lita 5, moja kila mkono, zikiwa na lita 3 kila moja, mita 20 kwenda na kurudi, mizunguko 3, mgongo wima. Akimaliza mizunguko yote bila kuyumba wiki 2 mfululizo, ongeza lita 1 kila upande. Bidoni mbili zenye maji sawa ni salama kuliko moja nzito inayomvuta upande. Mwishoni taulo lililolowa: kulikamua mpaka mwisho, kushikilia sekunde 5, kugeuza upande wa pili, mara 8.

Mpira wa kufinya peke yake utapandisha namba kwenye saa na kuacha mapaja vilevile. Huo ni udanganyifu wa kipimo, na tunauona kuwa hatari, kwa sababu familia inafurahi huku mzee bado anashindwa kuinuka chooni.

Daftari

Mstari mmoja kwa kila kipimo unatosha, mradi usiache kitu: tarehe na saa, kifaa, nafasi ya mpini, mkao, namba 6, maumivu, sekunde za kiti, uzito wa mwili. Kwa mfano: “Saa 4 asubuhi, Jamar, nafasi 2, kiwiko bila kuegemea. Kulia 21, 23, 22. Kushoto 19, 20, 20. Hakuna maumivu. Kiti sekunde 17. Kilo 54.” Mama huyo ana mshiko wa 23, juu ya mpaka, lakini kiti kinasema miguu imeanza kuchoka. Mkono peke yake usingalionyesha hilo.

Aliye mzima apimwe mara 1 kwa mwaka. Anayefanya mazoezi au anayetoka hospitalini apimwe kila baada ya wiki 12. Kabla ya hapo badiliko mara nyingi ni dogo mno kuonekana kwenye saa, na mtu anakata tamaa bure. Aliyeshuka kilo 5 tangu kipimo cha nyuma arudiwe ndani ya wiki moja, kwa kifaa kile kile, saa ile ile. Ikibaki chini, apelekwe kituo cha afya pamoja na daftari lake.